Nibadilishe IST yangu na Impreza WRX iliyotembea kilomita 211,000? (Tanga)

MtuWaMikanjuni:

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba ushauri wa watu wanaozijua Subaru za turbo kwa undani.

Nina Toyota IST ya 2005, cc 1,500, namba D, haina tatizo lolote la injini. Kuna jamaa yuko Chumbageni ana Impreza WRX ya 2004, bodi ya GDA, cc 2,000 turbo, gia tano za mkono, dashibodi inasoma kilomita 211,000. Anataka tubadilishane, mimi niongeze milioni 3 na nusu juu. Kwa macho gari limetulia: rangi ya bluu bado inang'aa, viti havijachanika, linawaka kwa mguso mmoja. Ekzosti si ile iliyokuja nayo, na linapiga "psshh" kila akibadili gia kwa sababu kuna vali imefungwa pale kwenye intakula (kipoza hewa ya turbo). Anasema oili hubadilisha kila kilomita 5,000. Karatasi za matengenezo hana.

Matumizi yangu ni Mikanjuni hadi Pongwe siku za kazi, na Dar mara moja kwa mwezi kupitia Segera. Jumla kama kilomita 1,300 kwa mwezi. Barabara zote ni lami isipokuwa mita mia kadhaa za kuingia nyumbani.

Swali langu: kilomita hizo zinatisha kiasi gani kwa gari la namna hii, nikague nini kabla sijatoa kadi yangu, na hiyo milioni 3 na nusu ni halali?

BoksaNne:

Mkuu, namba ya dashibodi isikutangulie. EJ20 ya turbo, yaani injini ya gari hilo, iliyopewa oili kwa wakati inafika hapo ikiwa na nguvu zake, na iliyoachwa ikaukiwe hufa hata kabla ya kilomita 120,000. Umri wa kweli wa injini hii unausoma kwenye mambo matatu: oili, belti ya taimingi, na kama kuna mtu aliichezea presha ya turbo. Hapo kwenye la tatu tayari una dalili mbili, nitazifikia.

Kwanza mwambie asiliwashe kabla hujafika. Nenda saa 12 asubuhi, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na uvuguvugu, aga, rudi siku nyingine. Injini hizi za kulala (silinda zake zimelazwa, hazijasimama) huficha maradhi yake zikishapata moto.

Chomoa kijiti cha oili kabla ya kuwasha. Injini nzima inabeba lita 4 na kidogo tu, kwa hiyo ikipungua lita moja imepoteza robo ya damu yake. Kwenye kona kali hiyo iliyobaki inakimbilia pembeni, bomba la pampu linavuta hewa, na beringi za konrodi zinasagika. Hivyo ndivyo Subaru nyingi zinavyonoki, yaani injini kufa. Kijiti chake ni kigumu kusomeka kwa sababu oili hupakaa upande mmoja wakati wa kuchomoa. Amini upande unaoonyesha chini zaidi. Oili ikiwa chini ya alama ya chini na mwenye gari hana habari, ile kauli ya "kila 5,000" haina uzito tena. Injini ya namna hii ikishazeeka inakaguliwa oili kila unapojaza mafuta, si kila unapobadilisha.

Sasa washa, usikanyage resi, sikiliza. Kuna milio miwili watu huichanganya. Pistoni ikilegea kidogo ndani ya silinda inatoa mlio mkavu kama kijiko kwenye kikombe, asubuhi tu, na unafifia dakika mbili tatu injini ikipata moto. Huo unaishi nao. Beringi ya konrodi iliyokufa ni mlio mzito, wa chini, na unazidi injini ikipata moto kwa sababu oili imekuwa nyepesi. Kuupata: injini ikiwa ya moto, shika resi kwenye mizunguko 2,500, ishikilie kidogo, kisha iachie taratibu. Ukisikia "tok-tok-tok" wakati mizunguko inashuka, usijadili bei. Ondoka.

Moshi: wa bluu wakati wa kuvuta ni ringi. Wa bluu baada ya gari kukaa sailensa (linaunguruma bila kukanyagwa) dakika tano halafu ukakanyaga, tazama sili za vali au turbo yenyewe. Mweupe mzito unaoendelea hata injini ikiwa ya moto na wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yanaungua, maana yake gasketi ya silinda hedi.

Turbo iko nyuma kulia, upande wa dereva. Injini ikiwa ya baridi kabisa, legeza mpira wa hewa unaoingia kwenye turbo, ingiza vidole viwili, shika ncha ya shafti. Ikicheza kidogo juu na chini ni kawaida, ile hulala juu ya oili. Ikicheza mbele na nyuma, hata kidogo, turbo imekwisha. Angalia pia ncha za mapanga kama zimechubuka. Utando mwembamba wa oili ndani ya mpira si neno. Oili iliyotuama ni neno.

Belti ya taimingi ndiyo watu wa IST huwa hawaijui, kwa kuwa yenu ni cheni. Hii ni belti, na Wajapani huibadilisha kila kilomita 100,000. Gari la 211,000 lilitakiwa liwe limeshabadilishiwa mara mbili. Ikikatika, vali na pistoni zinakutana, na hapo hakuna la kuokoa kwenye hedi. Ukifungua boneti tafuta kijikaratasi cha stika chenye maandishi ya Kijapani, mara nyingi kimebandikwa kwenye kifuniko cha plastiki cha belti au karibu na kufuli ya boneti. Gereji za kwao huandika tarehe na kilomita za siku belti ilipofungwa. Usipokipata, wala hakuna risiti, chukulia haijabadilishwa.

Na belti haibadilishwi peke yake. Tenshona yake ni ya haidroli na huvuja. Puli za kupitishia ziko tatu, mbili laini na moja ya meno, na beringi zake hukauka. Mara nyingi puli ndiyo inayoganda na kukata belti ambayo bado nzima. Kwa hiyo ni belti, tenshona, puli zote, wota pampu, themostati, sili za kamu na ya krenki mbele. Fundi akiwa hapo mbele afungue pampu ya oili akaze skrubu za bamba lake la nyuma na kuzitia gundi ya nati, kwa sababu hujilegeza zenyewe na presha ya oili ikashuka.

Hiyo "psshh" sasa. Sensa ya kupima hewa iko mwanzoni kabisa, karibu na boksi la chujio. Hewa ikishapita pale, kompyuta imeshaihesabu na kuipangia petroli yake. Vali ya kiwandani huirudisha hewa ile kabla ya turbo. Ya kutupa nje inaimwaga, petroli inabaki bila hewa, kila kubadili gia injini inazama kwenye mafuta. Hiyo peke yake haiui injini, lakini inakwambia mwenye gari alifungua boneti kutafuta mlio. Uliza kama presha ya turbo imepandishwa na kama kompyuta iliandikwa upya kwa ajili ya hiyo ekzosti. Ekzosti pana inaifanya turbo ipandishe presha kuliko ilivyopangwa, na bila kompyuta kurekebishwa pistoni inakula joto. Zaidi ya hapo, gari hili lilitengenezwa kwa petroli ya Japani ya oktani 100, ambayo kwenye pampu za Tanga haipo. Sensa itarudisha nyuma cheche kujilinda ikiwa kila kitu ni cha kiwandani. Mtu akishachezea, kinga hiyo inapungua.

Kipimo cha mwisho ni presha ya silinda zote nne. Usitoe hata shilingi bila hicho.

Bi_Raskazone:

Naongezea ya bodi, maana BoksaNne amekaa injini peke yake, na gari la pwani linaoza kabla ya kunoki.

Subaru za miaka hii huliwa na kutu nyuma, si mbele. Toa kapeti la buti, ingia na tochi, angalia pale juu zinapofungwa shokapu za nyuma, halafu pitisha kidole nyuma ya ukingo wa madigadi ya nyuma. Rangi mpya ya bluu inayong'aa kwenye gari la 2004 isikufurahishe mpaka ujue ilipakwa kufunika nini. Beba sumaku ndogo, ifunge kwenye kitambaa isichubue, ipitishe juu ya madigadi. Ikiteleza na kuanguka, hapo chini ni puti.

Kisha jeki, na vigingi vya kusimamishia, usilale chini ya gari lililo juu ya jeki tupu. Bomba za breki zinazopita juu ya tangi la mafuta huoza usipoziona. Na bomba la kujazia petroli, nyuma ya plastiki ya tairi la nyuma kulia, hutoboka: mwambie ajaze tangi mpaka juu halafu lisogelee. Harufu ya petroli upande huo si bahati mbaya.

Tairi. Hili gari linavuta miguu yote minne muda wote. Tairi zote nne ziwe za saizi moja, aina moja, na zimelika sawasawa. Mzingo wa tairi moja na nyingine usipishane zaidi ya milimita 6. Pima kwa futi ya fundi cherehani, inatosha. Mtu akiwa amefunga mbili mpya mbele na mbili chakavu nyuma, difu ya katikati inasagika kila kilomita moja. Kulijaribu: sehemu ya lami kavu, kata usukani mpaka mwisho, zunguka taratibu gia ya kwanza. Likiruka-ruka na kujivuta kama limeshikwa breki, difu ya katikati imeshaumia.

Giaboksi ya gia tano ndiyo sehemu dhaifu ya WRX. Haipendi kuachiwa klachi kwa kishindo. Kwenye majaribio panda mpaka gia ya tatu, shusha ya pili, panda tena. Ikikwaruza ya pili au ya tatu, sinkro zimekwisha. Klachi unaipima ukiwa gia ya nne, spidi 50, kanyaga mpaka chini: mizunguko ikipanda na gari halifuati, klachi inateleza. Ukifika spidi 70 zima redio ufunge vioo. Ngurumo ya nyuma kama ya pikipiki ya mbali ni beringi za magurudumu ya nyuma, hizo ni ugonjwa wa kawaida wa bodi hii na si sababu ya kulikataa, ila zinashusha bei.

Njia ya kulijaribu unayo: Kange hadi Muheza na kurudi inatosha kabisa. Ukirudi liache sailensa dakika kumi na AC ikiwaka, mchana wa jua. Sindano ya joto ikishatulia katikati isisogee hata unywele.

Kipara wa Namba 10:

Mimi nipo tofauti nao, mkuu. Yote waliyosema ni kweli, lakini wanakujibu kana kwamba una gari jingine nyumbani. Hilo ndilo litakupeleka Pongwe kila asubuhi?

IST yako kwa safari hizo inakupa kilomita 14 kwa lita bila shida. WRX ukiendesha kwa adabu ni 9. Kilomita 1,300 ni lita 93 dhidi ya 144, yaani lita 50 zaidi kila mwezi. Zidisha kwa bei kikomo ya EWURA ya Tanga ya mwezi huu uone. Weka plagi nne za iridiamu, oili sintetiki kila kilomita 5,000, oili ya giaboksi lita 3 na nusu ambayo ni ya pamoja na difu ya mbele, ya difu ya nyuma lita 0.8, tairi za 215/45 R17 ambazo hazipendi mashimo ya mvua za masika. Spea ya IST unaipata hapa hapa Ngamiani ukitembea kwa miguu. Ya WRX unasubiri basi kutoka Dar, na ikija si yenyewe unasubiri tena.

Kama moyo unalitaka, libaki gari la pili. Kutoa gari la kazi kuchukua la raha, ukaongeza na pesa juu, mimi sikushauri.

BoksaNne:

Kipara hajakosea kwenye hesabu. Ila mtu aliyeamua kutaka gari la turbo, kumwambia "usichukue" hakumsaidii kama kumwonyesha bovu na zima. Mkuu, chukulia hivi: lolote utakalolipa, uwe na milioni 2 na nusu nyingine pembeni ya kazi ya mwanzo, yaani belti na vikorokoro vyake, oili zote, plagi, maji ya rejeta, breki. Kama huna hizo, jibu lako limeshapatikana.

Na maji ya rejeta usidharau. Hili gari lina vifuniko viwili vya presha: kimoja cha rejeta, kingine cha kitenki kidogo cha chuma juu ya injini. Si vya saizi moja ya presha, usivibadilishane. Unajazia pale juu kwenye kitenki, taratibu, skrubu ya kutolea hewa ya rejeta ikiwa imefunguliwa na hita ikiwa kwenye joto, pua ya gari ikiwa imeinuliwa kidogo. Hewa ikibaki ndani, hedi inaungua na sindano haisemi kitu. Fundi akikwambia atoe themostati kwa sababu "huku pwani joto", mkatalie. Injini inayokaa baridi inakunywa petroli na kuosha oili kwenye kuta za silinda. Wala usikubali kujaziwa maji ya kisima, ya Tanga mengi yana chumvi, na chumvi inakula alumini.

Karani_wa_Kadi:

La makaratasi kwa ufupi, kwa sababu kubadilishana si sawa na kununua, mnauziana magari mawili kwa siku moja.

Kila gari liandikiwe thamani yake peke yake kwenye mkataba, mbele ya wakili, na namba zote mbili za chasisi. Hiyo milioni ya juu iandikwe kama tofauti ya thamani. Kadi halisi, jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha NIDA cha anayekusainia. Kadi ikiwa "iko kwa kaka Dar", inaweza kuwa imeshikiliwa na mkopo. Deni la trafiki angalia kwenye TMS, mfumo wa polisi wa trafiki, kwa namba ya gari. Uhamisho wa umiliki TRA uanze kwa magari yote mawili siku moja, usikabidhi IST kwa ahadi.

Kubwa zaidi kwa WRX: linganisha namba ya injini. Imechongwa juu ya bloku, nyuma kulia, pale injini inapokutana na giaboksi, chini ya intakula. Beba brashi ya waya na tochi. Isipofanana na ya kwenye kadi, gari limebadilishiwa injini na kilomita za dashibodi hazihusiani tena na injini iliyomo.

MtuWaMikanjuni:

Wakuu, asanteni sana. Nimelikagua na fundi wa injini leo asubuhi, majibu haya hapa.

Boneti ilikuwa ya baridi. Oili iko katikati ya alama mbili, nyeusi. Mlio wa kijiko upo, umekwisha dakika ya tatu. Mlio mzito hakuna. Namba ya injini inafanana na kadi. Stika ya Kijapani ipo: belti ilibadilishwa kilomita 98,400. Baada ya hapo hakuna rekodi. Shafti ya turbo haichezi mbele na nyuma. Nyuma kuna ukungu wa kutu kwenye shokapu ya kushoto lakini bati halijatoboka. Gia ya pili haikwaruzi, ya tatu inakwaruza ikiwa ya baridi. Tairi ni aina mbili, mbele 6.5 na nyuma 4 milimita za kashata.

Presha ya silinda, injini ya moto, plagi zote zimetolewa, pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka chini: ya kwanza PSI 152, ya pili 148, ya tatu 150, ya nne 119. Fundi alitia oili kidogo ndani ya ya nne ikapanda hadi 124 tu, akasema basi si ringi, ni vali, kazi ndogo. Mwenye gari kashusha hadi milioni 2 na nusu juu.

BoksaNne:

Kazi nzuri sana mkuu, hizi ndizo taarifa za kuamulia. Tatu za kwanza ni nzuri kwa injini ya umri huo. Injini hizi za turbo zinatakiwa ziwe kati ya 142 na 171, na kupishana si zaidi ya 7. Ya nne imeachwa kwa zaidi ya 30. Hilo si kosa la geji.

Na hapo kwenye oili fundi wako amekosea, si kwa ujinga, bali kwa mazoea ya injini za kusimama. Kwenye IST silinda imesimama, oili inatanda juu ya pistoni na kuziba ringi pande zote. Subaru silinda imelala. Oili inatuama upande wa chini tu na nusu ya juu ya ringi inabaki kavu. Kwa hiyo namba kutopanda hakuthibitishi kwamba ringi ni nzima.

Silinda ya 4 iko nyuma kushoto, upande wa abiria, na ndiyo inayojulikana kuumia kwanza kwenye EJ za turbo. Kinachovunjika mara nyingi si ringi yenyewe bali ule ukuta mwembamba wa pistoni kati ya ringi na ringi. Unapasuka kwa joto na kugonga kwa petroli, hasa palipochezewa presha. Unaiona sasa ile ekzosti ina maana gani.

Fanyeni kipimo cha kuvuja. Betri na boksi la chujio vitoke tena mfike kwenye plagi. Zungusheni krenki kwa spana mpaka pistoni ya 4 iwe juu kabisa na vali zake zote zimefunga, wekeni gia ya tano na breki ya mkono krenki isizunguke. Ingizeni hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, kisha tulieni, kompresa izimwe, msikilize. Hewa ikitokea kwenye mdomo wa ekzosti, ni vali ya kutolea moshi. Ikitokea kwenye mpira wa kuvutia hewa, vali ya kuingizia. Kitenki cha maji kikitoa mapovu, gasketi. Ikitokea kwenye tundu la kijiti cha oili au kifuniko cha kujazia oili, ni pistoni au ringi. Fanyeni silinda ya 2 pia mpate cha kulinganisha, kwa sababu kila injini huvuja kidogo kupita ringi.

MtuWaMikanjuni:

Tumefanya jioni hii. Silinda ya 2 inapumua kidogo sana, ya kusogeza sikio. Ya 4 inavuma kwenye tundu la kujazia oili, nimeweka karatasi ya sigara juu yake ikapeperuka. Ekzosti kimya, maji hayatoi povu.

BoksaNne:

Basi ni pistoni au ringi zake. Haitengenezwi kwa kufungua hedi. Injini itashuka chini na bloku itafunguliwa vipande viwili, na ukishafungua hutaweka pistoni moja ukafunga, ni nne, ringi, beringi zote za krenki na konrodi, gasketi, belti. Au injini ya mtumba kutoka Japani, na ukichagua hiyo tafuta yenye maandishi yaleyale ya hii, EJ205. Za Legacy zina ekzosti ya njia mbili, haziingii bila kubadilisha mambo mengi. Nayo ipimwe presha ikiwa bado chini, ifungwe belti mpya kabla haijaingia, na namba yake ikaandikishwe TRA.

Kwa hiyo hapo unanunua bodi, giaboksi yenye gia ya tatu inayoanza kuchoka, na tairi za kutupa. Kuongeza milioni 2 na nusu juu ya IST nzima ni hapana. Hata mkono kwa mkono ni hapana. Gari hilo kwa hali hiyo yeye ndiye anayetakiwa kuongeza, tena ongezeko la kutosha injini nzima na ufundi wake.

Kipara wa Namba 10:

Na usimwachie aliendeshe kwa kishindo mkiwa mnaendelea kujadiliana. Pistoni iliyopasuka inamwaga vipande, vikikwaruza ukuta wa silinda hata bloku haitafaa.

Bi_Raskazone:

Mwonyeshe zile namba nne kwa maandishi, bila ugomvi. Inawezekana hajui. Akikataa kushuka, yupo mwingine mwenye GDA ya gia za mkono; utabeba geji ileile, na utaanza na silinda ya 4.